Mahindi Kwenye Njia ya Ndege

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka mke wangu huuliza kama uzee umeanza kunipata vibaya. Asubuhi hiyo nilitoka ofisini mwangu kwenye kiwanja kidogo cha ndege, kati ya Kitale na Kachibora. Shati langu lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Redio ilikuwa kiunoni na darubini shingoni. Nikatazama njia ya ndege nikaikuta imegeuka manjano. Yalikuwa ni mahindi! Nusu nzima ya lami, ukingo hadi ukingo, ilikuwa imetandazwa mahindi, na akina mama walikuwa wakitembea juu yake wakiyageuza kwa miguu, taratibu, kana kwamba ule ni ua wa nyumbani kwao.

Kabla sijaendelea, keti vizuri umjue anayezungumza nawe. Mimi ni Simiyu wa Naitiri. Sikuinuliwa na mjomba wala kubebwa na mbunge. Niliondoka kwetu na sanduku moja lililofungwa kwa kamba, nikaenda kutua Kanada, katika nchi tambarare ambayo ukisimama unaona mpaka jicho linachoka. Mchana nilifagia theluji kwenye uwanja wa ndege wa mji mdogo, jioni nilikaa darasani. Nilisoma mpaka nikapata diploma ya uchunguzi wa hali ya hewa, na diploma hiyo ndiyo ile unayoiona ukutani juu ya televisheni, kwenye fremu. Usiiguse, lakini itazame.

Kazi yangu kule ilikuwa kutoka kwenye baridi ya kukata masikio, kuikagua njia ya ndege, kujua barafu iko wapi na ni ya kuteleza kiasi gani, upepo unatoka upande gani, mawingu yako juu kiasi gani, kisha kuwaambia marubani kwa redio. Nakwambia bila haya kwamba marubani wa huko wenye mvi, watu waliozaliwa ndani ya theluji, walikuwa hawashuki mpaka waisikie sauti ya mtoto wa Naitiri. Nikisema pana utelezi, pana utelezi.

Niliporudi nyumbani bado kichwa changu hakikuwa na unywele mweupe hata mmoja. Wenye shamba moja la mbegu waliniajiri kuangalia kiwanja chao, kilichoachwa na mlowezi wa zamani. Ndege zilikuwa chache. Siku nyingine ilikuja moja, siku nyingine hakuna. Lakini mimi nilivaa kila siku kana kwamba zinakuja mia.

Sasa rudi nami kwenye yale mahindi.

Mwaka ule mvua iligoma kuondoka wakati wa mavuno. Nyua za watu zilikuwa tope tupu, na palipokuwa pakavu ni penye lami. Barabarani malori yalikuwa yakiponda mahindi, kwa hiyo akina mama walipita kwenye pengo la ua wa waya wakaja kwangu. Niliwafuata kwa hatua ndefu.

"Nani ameruhusu haya mambo?" niliuliza kwa sauti ya kiofisi.

Aliyenijibu alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyekaa juu ya debe lililopinduliwa, kitambaa cha kijani kichwani. Huyo alikuwa Kukhu Nasimiyu. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na yule alikuwa nyanya wa kijiji kizima.

"Jua," alisema. "Jua ndilo limeruhusu."

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Kukhu, hii ni njia ya ndege. Ndege inakuja saa nane."

"Saa nane bado iko mbali. Si utatuambia ikikaribia?"

"Kazi yangu si kuwaambia nyinyi. Kazi yangu ni kumwambia rubani."

Hapo akaacha kucheka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka.

"Hiyo kitu umefunga kwa kiuno ni ya nini?"

"Ya kuongea na ndege."

"Unaiambianga nini?"

"Hali ya hewa. Upepo, mawingu, mvua inatoka wapi."

"Na hiyo ya shingo?"

"Ya kuangalia mawingu yakiwa mbali."

"Kwa hivyo juzi, ile mvua ilipiga mahindi ya Nekesa mpaka yakaanza kuota, uliiona ikikuja?"

Mwanangu, swali hilo nililipokea kama sifa. Nikanyoosha shingo. "Niliiona mapema sana, ikiwa bado kule Mlima Elgon. Nikamwambia rubani ageuke aende Eldoret."

Wale mama wakageuka wote kunitazama. Hata miguu iliyokuwa ikigeuza mahindi ilisimama. Nekesa mwenyewe alikuwa pale, amebeba mtoto mgongoni.

"Ati uliiona," Kukhu alisema polepole. "Mtu ako huko juu unamwambia ya huku chini. Sisi tuko hapa chini na wewe, unatusalimia kila asubuhi, lakini hutuambii ya huko juu. Na mahindi ndiyo karo, ndiyo ugali, ndiyo kila kitu. Ati umesoma. Hiyo masomo, kijana, ulisomea nani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya Kiingereza, na yote yalikuwa mazuri, lakini hakuna hata moja lililotoshea pale. Nilisimama nikiipapasa redio yangu kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Siku hiyo waliyazoa mahindi kwa uvivu na kwa miguno. Ndege ilibidi izunguke juu mara kadhaa ikingoja. Rubani alikuwa Njoroge, kijana mwenzangu, mtoto wa wakulima wa Kikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani, na mdomo wake ulikuwa na utani usioisha.

"Niaje, Kanada," alinirushia kwa redio. "Naona theluji imekufuata mpaka nyumbani. Lakini mbona hii ni ya manjano?"

Maneno ya Kukhu yalikuwa bado masikioni.

Kesho yake nilinunua rimu kuukuu ya lori, nikaisukuma kwenye toroli mpaka nyumbani kwa Kukhu. Alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Leo umeniletea gari nusu?"

"Nimeleta kengele, Kukhu. Nitaitundika pale kiwanjani. Nikiona mvua inakuja, nitaigonga. Nikipata habari ya ndege, nitaigonga pia. Nyinyi mtayazoa mahindi kwa vyote viwili."

Akaizunguka ile rimu akiikagua kama mtu anayenunua ng'ombe.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, kwa sababu nyinyi mliokulia mjini hamuijui. Huku, wakati wa kuanika, mtu akipaza sauti "Mvua!", kila kitu kinasimama. Anayekula anaacha chakula. Mhubiri anakatiza mahubiri, na hakuna anayemlaumu. Na ukifika penye mahindi huulizi ni ya nani. Unazoa lililo mbele yako, hata kama mwenyewe mmekosana. Ugomvi mtauendeleza kesho, mahindi yakiwa makavu.

"Basi sikiza," Kukhu alisema. "Ukigonga, tutakuja kama tunakujia mvua, hata kama ni ndege tu. Lakini usitucheze. Siku utagonga na hakuna mvua wala ndege, hiyo rimu utarudishia lori yake."

Tukapeana mikono. Nimetia sahihi mikataba mingi maishani, lakini ule wa jikoni kwa Kukhu ndio ulionipa jasho.

Basi nikaanza. Asubuhi kabla ya chai nilikuwa nikienda kwenye ule ua wa waya na kuwaambia: leo jua mpaka saa tisa, leo msianike kabisa, leo tandazeni nusu tu. Hapo elimu yangu ikang'aa, mwanangu. Nilikuwa sikosei. Na pale nilipokuwa sina hakika nilisema sina hakika, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kwenye theluji: usimwambie rubani unachotamani, mwambie unachoona. Watu wakaniamini. Wakaniamini mpaka wakaleta mavuno yote. Wa Kachibora walileta, wa vijijini walileta, hata wale waliokuwa wakinicheka. Imani yao ilitandazwa pale kwenye lami, gunia baada ya gunia, na mimi nikajua kwamba siku nikiteleza, kijiji kizima kitalala njaa.

Siku yenyewe ikaja, na ilikuwa Ijumaa.

Mchana ulikuwa umetulia. Niliwaambia wazi kwamba jua litakuwepo lakini mlima siuamini, wakae karibu. Kisha nikaona wingu likitokea nyuma ya Elgon, jeusi kwa chini kama sufuria iliyoungua. Mfuko wa upepo, ule wa kitambaa juu ya mlingoti, uliokuwa umeelekea mlimani ukalegea, ukaning'inia, halafu ukageukia upande wa pili. Wakati uleule redio ikalia.

"Kanada, uko?" Ilikuwa sauti ya Njoroge, na safari hii haikuwa na utani. "Eldoret wamefunikwa. Mafuta yangu hayanifikishi Kisumu. Nina abiria wanne. Niambie kwako kuko wazi."

Nilitazama njia ya ndege. Haijawahi kuwa ya manjano vile. Na kwa vile upepo sasa ulitoka mlimani, Njoroge angelazimika kuja akiuelekea, kumaanisha magurudumu yake yangegusa ardhi mwanzo wa upande wa mashariki. Upande huo ndio ule wa mahindi.

Huko juu kulikuwa na watu watano wasio na kwingine kwa kwenda. Huku chini kulikuwa na chakula cha mwaka mzima cha jirani zangu. Na wingu lilikuwa likija kwa wote bila kubagua.

"Njoroge, hakujawa wazi," nilimwambia. "Zunguka upande wa Cherangani, kuko kweupe. Usije mpaka nikuite."

"Nitangoja, lakini usinisahau, bana."

Nikaikimbilia rimu. Niliigonga kwa nyundo, nikaigonga mpaka mkono ukafa ganzi.

Ungeona watu walivyotokea! Walitoka mashambani, walitoka kwenye vibanda vya soko, kinyozi alikuja na kitana kichwani na mteja wake akimfuata nusu ya kichwa imenyolewa. Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa jirani na msikiti wa mjini Kitale, alikuwa akipita na pikapu yake akitoka sala ya Ijumaa. Alisimamisha gari, akaikunja kanzu nyeupe mpaka magotini, akashusha maturubai mapya aliyokuwa akiyapeleka dukani.

"Tandikeni haya!" alipaza sauti. "Myachafue tu, nitauza ya mtumba!"

Masinde na Wanyonyi, waliokuwa hawajasalimiana tangu wagombane juu ya mpaka wa shamba, nilijionea mwenyewe: Masinde anajaza, Wanyonyi ameshika mdomo wa gunia, na gunia ni la Wanyonyi.

"Shika vizuri, we," Masinde alisema.

"Si wewe unamwaga," Wanyonyi akajibu.

Mahindi yakaanza kupungua, lami ikaanza kuonekana, na moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake. Ndipo nilipoinamia njia ya ndege kuikagua, kama nilivyozoea, nikaona tatizo jingine. Magunia yalikuwa yameondoka lakini punje zilibaki, zimetapakaa maelfu kwa maelfu. Nikakanyaga. Kiatu kikateleza. Nilizijua fika hisia hizo za mguuni, mwanangu! Ilikuwa barafu ileile ya Kanada. Gurudumu la ndege likipita hapo kwa kasi lisingeshika breki.

Na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa kila asubuhi niliyofagia theluji. Kule hatufagii ovyo, kila mtu na kona yake. Tunajipanga mstari wa mshazari. Wa kwanza anaanzia katikati, wa pili nyuma yake kidogo pembeni, wa tatu vivyo hivyo, na kila mmoja anapokea taka ya mwenzake na kuisukuma mbele zaidi kuelekea ukingoni.

"Kateni matawi!" nilipaza sauti. "Kukhu, simama hapa katikati. Nekesa, nyuma yake, hatua moja pembeni. Mwingine hivyo hivyo. Kila mmoja amsukumie mwenzake!"

"Hii ndiyo ulisomea?" Kukhu aliuliza huku akishika tawi lake.

"Hii hii!"

"Basi twendeni, akina mama!"

Wakaondoka kama jeshi. Mstari wa wanawake wenye leso za kila rangi ulipita kwenye lami huku punje zikiruka kama cheche, zikisukumwa pembeni zaidi na zaidi. Mtu akaanzisha wimbo wa kupalilia, na matawi yakashika mdundo. Waliporudi upande wa pili tone la kwanza likaniangukia shavuni, kubwa na la baridi.

Nikainua redio. Nakumbuka nilivuta pumzi kwanza, kwa sababu ulimi ulitaka kusema "kuko sawa, njoo". Lakini sikuona sawa. Niliona nilichoona.

"Njoroge, njoo sasa. Nisikilize. Katikati pamefagiliwa, upana wa mabawa yako na kidogo. Pembeni pana punje za mahindi, usizikanyage. Upepo unatoka mlimani, unasukuma na kuachia. Mvua utaikuta ukishagusa chini."

Kisha: "Punje za mahindi? Hiyo kwa lugha ya kazi inaitwaje?"

"Haina jina. Kaa katikati."

"Nakaa katikati, mwalimu."

Tulimsikia kabla ya kumwona. Kisha ile ndege ndogo ikatokea chini ya wingu, ikiyumba bega moja baada ya jingine. Akina mama walisimama kwenye nyasi wameshika matawi yao. Magurudumu yakagusa. Yakalia. Ndege ikaja moja kwa moja, katikati kama iliyopigiwa rula, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata mpirani.

Kisha mvua ikamwagika.

Na bado hatukuwa tumemaliza. Ukingoni kulikuwa na lundo la mwisho lililokuwa halijafunikwa, na lilikuwa lile la Nekesa, yuleyule wa mahindi yaliyoota. Tulilikimbilia. Lakini walitutangulia wengine. Mlango wa ndege ulifunguka, abiria wanne wakashuka, wakaguzi wa mbegu kutoka Nairobi, suti na viatu vya kung'aa. Nilidhani wanakimbilia ofisini. Hapana! Walipiga magoti kwenye lile lundo. Mmoja alivua koti, akalijaza mahindi na kulibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Nani amewaambia?" nilimuuliza tukikimbia pamoja.

"Kuambiwa nini?" alinijibu, maji yakimtiririka puani. "Mimi pia nimezaliwa nyumba ya mahindi!"

Magunia yote tuliyaingiza kwenye banda la ndege. Ndege yenyewe ikakosa nafasi, tukaiacha nje ilowe. Njoroge alisimama mlangoni akiitazama, mikono kiunoni.

"Kanada, nyumba ya ndege yangu imelaliwa na mahindi."

"Hayo hayajui kuruka," Kukhu alimjibu kutoka juu ya gunia. "Wewe utakauka ukipaa."

Tulicheka mpaka mvua ikashindwa kusikika kwenye mabati. Mzee Abdalla alituma mtu akaleta chai ya maziwa kwa birika kubwa, na Masinde akampa Wanyonyi kikombe kabla ya kuchukua chake. Kukhu aliniita nikae karibu. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa chapachapa. Alinipangusa shavu kwa kiganja, kama unavyompangusa mtoto aliyetoka kucheza.

"Sasa," alisema, "naona ulisomea nani."

Mwanangu, kule Kanada walinipa cheti mbele ya watu wengi, wakapiga makofi, picha ikapigwa. Ninaipenda picha hiyo. Lakini nikitaka kukwambia ni siku gani nilihitimu, nitakwambia ni Ijumaa ile, ndani ya banda la ndege, nikiwa nimelowa mpaka soksi.

Rimu ile nilipewa nilipostaafu, na ndiyo ile iliyoning'inia langoni pangu. Siku hizi pia nina kundi la WhatsApp, maana mimi sibaki nyuma, na kila asubuhi kabla sijagusa chai nawaandikia majirani hali ya mbingu. Njoroge, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu, yumo kwenye kundi hilo, na bado anauliza kama theluji ya manjano imeanza.

Sasa sikia ninalotaka ulibebe. Unakwenda kusoma, na nataka usome kweli, ushinde hata mimi ukiweza, ingawa utahitaji kuamka mapema. Ukipata unachojua, usikiweke kwa ajili ya walio mbali peke yao. Tazama aliye kando yako, anayekusalimia kila asubuhi, ujiulize kuna nini unachokiona wewe ambacho yeye angependa kuambiwa. Mwambie. Mwambie mapema, kabla mvua haijamfikia. Na ukimwambia, sema ulichoona, si unachotamani, hata kama wote wanangoja useme kuko sawa. Ukiona punje, sema punje. Watu wakikuamini watatandaza maisha yao yote mbele ya neno lako, na hiyo ni heshima kubwa kuliko shati langu lile jeupe.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho yanayofika mlimani na sauti inayofika kwa jirani. Upepo ukigeuka, ukukute umesimama katikati. Kila utakapotaka kushuka, awepo mtu wa kukufagilia njia, na siku rimu ikilia kwa ajili ya mwenzako, miguu yako iwe ya kwanza kufika. Mavuno yako yakauke vizuri. Amina. Sasa lete chai, maana mlimani naona kitu, na lazima nikamwambie Nekesa aanue mahindi yake.